Mwanafunzi Akileta Kazi Isiyo Yake: Mwongozo kwa Walimu wa Malindi na Vitongoji Vyake

Rundo la miradi ya Gredi ya 8 liko mezani. Swali lilikuwa moja kwa wote: eleza historia ya Magofu ya Gede, ule mji wa kale wa mawe karibu na Malindi. Karatasi ya tatu inasema lile kaburi lenye tarehe ni la mwaka 1339. Ya tisa nayo inasema 1339. Ya kumi na nne vilevile. Mwaka wenyewe ni 1399, na watoto watatu, mmoja wa Shela, mmoja wa Barani, mmoja wa Maweni, hawawezi kukosea tarakimu ileile kwa bahati. Kuna aliyekosea kwanza, au aliyepiga chapa kule saiba, duka la kompyuta na intaneti, ndiye aliyekosea, na wengine wakabeba kosa pamoja na kazi.

Mwalimu aliyechoka ataandika sifuri tatu, aite majina matatu paredini, na siku ipite. Wiki mbili baadaye kazi nyingine itanakiliwa, ila safari hii watoto watakuwa wamejifunza kubadilisha tarakimu. Utaratibu ulioelezwa hapa unachukua muda zaidi. Umejengwa juu ya mambo mawili: ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni mtoto mwenyewe akizungumzia kazi aliyoleta, na adhabu inayofaa kuliko zote ni kuifanya kazi hiyo upya, kwa mkono wake, mbele ya mwalimu.

Kabla ya yote, weka chini kalamu nyekundu

Usiandike chochote juu ya karatasi unayoishuku. Ukishaandika "UMEIBA" ukingoni, umekwisha kuhukumu kabla ya kusikiliza, na mzazi akija shuleni atalishika neno hilo badala ya kuangalia kazi. Piga picha kila ukurasa kwa simu, au toa fotokopi, kisha alama zako uziweke kwenye nakala. Karatasi ya mtoto ibaki safi. Maksi usiziingize popote kwa sasa.

Halafu jiulize ni kunakili kwa aina gani, maana dawa hazifanani. Kuna anayechukua ukurasa mzima wa intaneti na kuweka jina lake juu. Kuna anayeshona viraka: sentensi ya mwenzake hapa, ya kitabu pale, maneno mawili matatu yamebadilishwa, naye anaamini kwa moyo safi kwamba hiyo ndiyo maana ya "tumia maneno yako mwenyewe". Kuna aliyemwachia jamaa wa saiba swali asubuhi, akalipa, jioni akachukua karatasi zilizochapwa na kubanwa vizuri. Kuna anayepitisha maandishi ya Kiingereza kwenye programu ya kutafsiri na kuleta Kiswahili chake. Kuna anayeiambia akili mnemba, ChatGPT na mfano wake, imwandikie yote. Na kuna ndugu wawili wa nyumba moja wenye simu moja waliokaa chini ya taa moja wakafanya kazi pamoja, bila kuambiwa na yeyote kwamba kila mmoja alitakiwa aandike peke yake. Hawa wa mwisho hawana kosa. Kosa ni la maagizo.

Mshona viraka ndiye anayeonewa zaidi. Watoto wengi wa Gredi ya 7 na ya 8 huandika hivyo kwa sababu ndiyo hatua waliyofikia katika kusoma: wameelewa nusu, na ile nusu nyingine wanaishikilia kwa maneno ya mwenye kitabu. Kumwita mwizi ni sawa na kumwita mwizi mtoto anayejifunza kushona kwa kuwa kanzu yake ya kwanza ameikata kwa kufuata kanzu ya baba.

Namna ya kuutafuta ushahidi

Anza na macho yako. Kazi iliyochapwa ina alama zake: herufi zinabadilika umbo katikati ya ukurasa, aya moja ina kivuli cha kijivu nyuma ya maneno, tarakimu ndogo kama [4] imebaki mwisho wa sentensi bila tanbihi yoyote chini, au kuna neno la bluu lililopigiwa mstari ambalo lilikuwa kiungo cha tovuti. Kazi iliyoandikwa kwa mkono nayo ina zake, hasa sentensi inayokatika mahali pasipo na maana kwa sababu mnakili aliruka mstari mzima wa karatasi ya mwenzake. Mruko wa namna hiyo ni ushahidi mkubwa. Tafuta karatasi ambamo sentensi hiyo imekamilika, nawe umeipata ya kwanza.

Kanuni ya makosa tumeshaigusa: kosa moja linalofanana lina uzito kuliko sentensi kumi sahihi zinazofanana. Watoto kumi wanaweza kuandika kwamba Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa na kitabu chao ni kimoja. Lakini wawili wakiandika 1489, waite wote wawili.

Tafsiri ya mashine huonekana kwa sikio. Isome kazi kwa sauti. Mtoto wa Malindi hasemi bahari ni "mwili wa maji". Hasemi Gede "ilikuwa nyumbani kwa maelfu ya watu". Hasemi vita "vilichukua nafasi". Ukikuta sentensi tatu za aina hiyo, chukua aya nzima, irudishe kwa Kiingereza kwa programu hiyohiyo ya kutafsiri, kisha tafuta Kiingereza hicho kwenye Google bila alama za kunukuu. Mara nyingi ukurasa wenyewe utajitokeza katika matokeo ya mwanzo.

Maandishi yaliyonakiliwa bila kutafsiriwa hutafutwa kwa njia nyingine. Chagua maneno manane hadi kumi yanayofuatana, yaweke ndani ya alama za kunukuu, ndipo utafute. Usichukue sentensi ya kwanza ya insha, kwa kuwa hiyo ndiyo kila mnakili hukumbuka kuibadilisha. Chukua ya katikati ya aya ya tatu, pale alipoanza kuchoka. Chagua yenye neno la ajabu kidogo, si "ni muhimu sana kwa utalii". Jaribu sentensi tatu tofauti. Zote tatu zisipotoa kitu, isome kazi upya kwa nia njema, kwani huenda mtoto ni hodari kuliko ulivyomdhania.

Kama kazi imekuja kwenye faili la Word, sehemu ya maelezo ya faili inaonyesha jina la aliyeliunda, aliyelibadilisha mwisho na jumla ya dakika za uhariri. Hati ya Google huhifadhi historia ya mabadiliko, nawe waweza kuona kama aya zilikua neno kwa neno au zilitua zote kwa pigo moja. Tahadhari hapa. Mtoto asiye na kompyuta nyumbani atakuwa na faili lenye jina la mashine ya saiba na dakika sita za uhariri, hata kama aliandika yote kwa mkono usiku kucha na kwenda tu kuchapishiwa. Habari za faili zikusaidie kuandaa maswali. Usizifanye hukumu.

Ukimaliza, chora safu mbili kwenye karatasi moja. Kushoto andika maneno ya mwanafunzi, kulia maneno ya chanzo au ya mwenzake, mstari kwa mstari, na upigie mstari yanayofanana. Mifano minne au mitano inatosha. Karatasi hiyo ndiyo utakayomwonyesha mtoto, kisha mzazi, kisha naibu wa mwalimu mkuu ikilazimu, na humwondolea kila mtu haja ya kupandisha sauti.

Kuhusu mashine zinazodai kumjua mwandishi

Programu za kulinganisha maandishi, kama Turnitin, hutoa asilimia ya mfanano. Asilimia hiyo si kipimo cha wizi. Kazi yenye 30 yaweza kuwa safi kabisa, ikiwa mwanafunzi amenukuu kwa haki na swali lenyewe limehesabiwa ndani yake. Kazi yenye 8 yaweza kubeba aya nzima ya mtu mwingine. Fungua ripoti usome kilichofanana. Usiishie kwenye tarakimu.

Zile zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba ni za kuogopa zaidi. Kampuni ya OpenAI, iliyounda ChatGPT, ilitoa chombo chake cha kutambua mwezi Januari 2023. Kwa maelezo yao wenyewe, kilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kikasingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Julai mwaka huohuo wakakiondoa. Mwaka 2023 pia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizipima programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, asilimia 61, zilitajwa kimakosa kuwa kazi ya mashine. Sababu yake ni kwamba programu hizo hushuku maneno ya kawaida na sentensi zinazotabirika, na ndivyo aandikavyo mtu aliyejifunza lugha darasani.

Sasa mfikirie mwanafunzi wa Gede. Nyumbani ni Kigiriama, barabarani Kiswahili, na Kiingereza ni cha darasani. Ukimpitisha kwenye mashine hiyo, umempeleka kwa hakimu ambaye alishamtia hatiani kabla hajafungua mdomo. Tunasema bila kusita: matokeo ya programu hizo yasiingie kwenye faili la mtoto yeyote, wala yasitajwe mbele ya mzazi kama ushahidi. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, inayotaka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulika na taarifa za mtoto. Ukiwa na lazima ya kupakia kazi kwenye tovuti yoyote, ondoa jina, shule na namba ya usajili kwanza.

Kuna njia moja inayoaminika ya kutambua kazi ya akili mnemba, nayo haihitaji mashine. Programu hizi hubuni vitabu. Huandika jina la mwandishi, mwaka na hata ukurasa wa kitabu ambacho hakijawahi kuchapishwa. Mwambie mwanafunzi akuonyeshe kitabu alichokitaja, au tovuti aliyoisoma. Asiyeweza kuonyesha hata chanzo kimoja kati ya vinne ana la kueleza.

Mazungumzo ya dakika kumi

Hapa ndipo penye uzito wote. Yafanyike ndani ya siku tatu za shule tangu kazi iletwe, mtoto angali akikumbuka alichofanya. Mahali pawe na utulivu lakini pasiwe pa siri: chumba cha walimu wakati wa mapumziko, au darasa lililo wazi, na mwalimu wa pili awepo, ikiwezekana yule wa ushauri nasaha. Wanafunzi walionakiliana waitwe mmoja mmoja, mfululizo, bila nafasi ya kupishana mlangoni na kupanga maneno.

Usianze na "Umekopi?" Swali hilo lina jibu moja tu kwa mtoto mwenye hofu, nalo ni "La, mwalimu." Baada ya hapo atalilinda jibu lake kwa uongo mwingine, nawe utakuwa umemfundisha. Anzia kwenye kazi.

"Kaa, mwanangu. Kazi yako nimeisoma. Nieleze, ulianzia wapi?"

"Nilianzia kwa historia ya Gede, mwalimu."

"Vyema. Hapa umeandika kaburi lenye tarehe. Kwa nini linaitwa hivyo?"

"Kwa sababu lina tarehe."

"Tarehe ya kalenda gani?"

Kimya.

Kaburi hilo lina mwaka wa Hijria, 802, nao ndio 1399 wa Miladia. Aliyesimama mbele ya kaburi na kusoma bango lake ataijua habari hiyo, au walau atasema kuna maandishi ya Kiarabu. Aliyesoma kwa makini kitabuni ataijua pia. Aliyenakili ana tarakimu nne tu mkononi, tena zimekosewa.

Andaa maswali sita, si zaidi. Mawili yaulize maana ya neno alilolitumia ("Umeandika 'matumbawe'. Ni kitu gani, na hutolewa wapi?"). Mawili yaulize njia ("Habari hii ya visima uliipata wapi? Uliisoma lini?"). Moja liulize uamuzi ("Kwa nini ukaanza na msikiti kabla ya kasri?"). La mwisho liwe la kuandika: mpe karatasi tupu na dakika tano aeleze kwa maandishi jambo moja lililomo kwenye mradi wake. Kisha linganisha mwandiko wa fikra, si wa kalamu: urefu wa sentensi, msamiati, makosa yake ya siku zote.

Kinachoharibu mazungumzo haya ni mwalimu kusema mwingi. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Watoto wengi husema ukweli wenyewe kabla ya kufika saba: "Mwalimu, nilimpa jamaa wa saiba akanitafutia." Hapo mwonyeshe ile karatasi ya safu mbili, mshukuru kwa kusema, na umwombe aandike kwa maneno yake jinsi kazi ilivyotengenezwa. Asipokiri na ushahidi ni dhaifu, mwachie. Mtoto mmoja aliyenakili akapita ana hasara ndogo kuliko aliyeandika kwa jasho lake akaitwa mwongo.

Yapo pia mambo ambayo mazungumzo hufichua na karatasi haisemi. Mtoto aliyelala njaa. Binti anayelea wadogo zake mpaka saa nne usiku. Kijana anayetoka na mashua alfajiri kabla ya shule. Habari hizo hazifuti kosa, lakini hubadilisha unachofanya baadaye.

Shule ifanye nini

Sheria kwanza, kwa ufupi. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kisaikolojia. Anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kumsimamisha mtoto paredini na kusoma insha yake kwa kejeli mbele ya shule nzima kunaangukia huko. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 nayo inampa kila mtu haki ya uamuzi wa haki wa kiutawala, na kupewa sababu kwa maandishi anapoathiriwa na uamuzi huo. Mwanafunzi ni mtu. Asikilizwe, aelezwe, apewe karatasi.

Kwa kosa la kwanza, mambo yaishie kwa mwalimu wa somo. Mtoto afanye upya ile sehemu iliyonakiliwa, shuleni, katika vipindi vitatu vya dakika 40: cha kwanza kusoma na kuchukua maelezo, cha pili kuandika mswada, cha tatu kuunakili vizuri. Asipelekwe nayo nyumbani, maana ndiko ilikotoka ya kwanza. Maksi zitolewe kwa kazi mpya. Shule nyingine hukata nusu ya maksi za kazi iliyorudiwa. Kwa kosa la kwanza hatupendekezi hivyo: mtoto anayejua dari yake ni 10 kati ya 20 ataandika kazi ya 10. Kwa kosa la pili, kata.

Kosa la pili, mzazi au mlezi aitwe. Barua isiwe na neno "wizi". Iseme: "Tungependa kuzungumza nawe kuhusu namna mwanao anavyoandaa kazi zake za shule." Wazazi wengi wa huku ndio waliolipa saiba, tena kwa mapenzi, wakidhani wamemnunulia mtoto kitu kama daftari. Mama akija, mpe kiti, mwonyeshe karatasi ya safu mbili, na umweleze kwamba pesa ile ilimnunulia mwanawe maksi lakini haikumnunulia maarifa. Wengi huelewa papo hapo na kukasirika kuliko mwalimu. Muombe hasira asiende nayo nyumbani.

La tatu liende kwa kamati ya nidhamu, ikiwa na rekodi zote mbili za mwanzo mkononi. Kamati isiyo na rekodi huamua kwa sifa za mtoto na ukoo wake, na hilo kila mtu mjini analijua.

Mtoaji wa kazi iliyonakiliwa naye asisahauliwe. Mara nyingi ni mwanafunzi bora wa darasa, ameombwa na binamu yake, na kwetu kumnyima ndugu ni aibu. Mweleze tofauti kwa vitendo: kumfafanulia mwenzako swali kwa mdomo ni msaada, kumpa karatasi ni kumbebea. Onyo la mdomo linamtosha, isipokuwa akiwa anauza. Na uhakikishe kwanza kwamba alitoa kweli. Madaftari huchukuliwa mikobani bila mwenyewe kujua.

Kazi zinazohesabiwa na Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, ni jambo jingine. Tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6 hubeba asilimia 60 ya matokeo ya KPSEA (tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6), yaani 20 kila gredi, na mtihani wenyewe asilimia 40. Katika KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, asilimia 20 hutoka KPSEA, 20 tathmini za Gredi ya 7 na 8, na 60 mtihani. Kwa hiyo maksi ya mradi ulionakiliwa humfuata mtoto kwa miaka, na humpita jirani yake aliyefanya kazi kwa haki. Maksi zisipakiwe kwenye mtandao wa Baraza kabla ya mazungumzo kufanyika. Kwa miradi ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kama ya Kilimo na ya Masomo ya Kompyuta, mwalimu asitafute suluhu ya kienyeji: amjulishe mwalimu mkuu, na maagizo ya Baraza yafuatwe kama yalivyoandikwa. Daftari la usimamizi, lenye tarehe za kila hatua uliyoikagua, ndilo litakalomtetea mwanafunzi mwaminifu siku maswali yakija.

Kuziba mlango kabla

Swali "Eleza historia ya Gede" limejibiwa mara elfu kwenye intaneti. Anayeuliza hivyo amekaribisha kunakiliwa. Uliza hivi: "Chagua ukuta mmoja au chumba kimoja cha Gede. Kichore, kipime kwa hatua zako, na ueleze unadhani kilitumiwa kwa kazi gani na kwa nini." Hakuna tovuti yenye hatua za mtoto huyo.

Si kila mtu ana nauli ya kwenda Gede, ingawa ni kilomita 15 tu hivi kutoka mjini. Basi mpe swali la mtaani kwake. Mvuvi mmoja amweleze tofauti ya kaskazi na kusi kwa kazi yake. Bei za aina tatu za samaki sokoni asubuhi na jioni ya siku moja, na sababu za tofauti. Makuti ya paa la nyumba yao: yalisukwa na nani, yanadumu miaka mingapi. Kazi kama hizo zina chanzo chenye uso na jina, na mtoto huona fahari kuandika "Nimeelezwa na bibi yangu, Mambrui, tarehe 3 Machi."

Kisha igawe kazi. Wiki ya kwanza alete swali lake na vyanzo viwili. Wiki ya pili, maelezo ya kurasa mbili kwa mkono. Ya tatu, mswada. Ya nne, kazi kamili. Kila hatua uitie sahihi na tarehe, nusu dakika kwa mtoto. Kunakili hutokea zaidi usiku wa mwisho, na mwenye hatua tatu mkononi hana usiku wa mwisho.

Kuhusu saiba, kanuni moja inatosha: shule haipokei kazi iliyochapwa bila mswada wa mkono uliobanwa nyuma yake. Mpelekee mwenye saiba barua ya heshima kumweleza hivyo. Wengi wataridhika, maana kuchapa bado watachapa.

Halafu wafundishe kuandika kwa maneno yao, kwa sababu kuambiwa tu hakutoshi. Hatua ni nne: soma, funika, andika, funua. Soma aya moja mara mbili. Funika kitabu. Andika ulichobakiwa nacho. Funua ulinganishe, na palipo na maneno matatu yanayofuatana sawasawa, ama badilisha muundo wa sentensi nzima, ama weka alama za kunukuu. Mfano wa ubaoni: chanzo kinasema, "Wakazi wa Gede walichimba visima na kujenga nyumba za mawe zenye vyoo na mifereji ya maji." Kiraka ni hiki: "Watu wa Gede walichimba visima na kujenga majumba ya mawe yenye misala na mitaro ya maji." Maneno yamebadilika, mifupa ni ileile. Ya mtoto aliyefunika kitabu huja hivi: "Nyumba za Gede zilikuwa na choo na njia ya kutolea maji, na maji yenyewe yalitoka visimani. Nimesoma haya kwenye kitabu cha Historia cha darasa." Yafanyeni pamoja darasani mara tano kabla ya kumpa mtu mradi.

Suala la kutaja chanzo lisifundishwe kama ugeni. Anayesoma madrasa tayari anajua kwamba hadithi haisimami bila isnadi: fulani amepokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani. Anajua pia kwamba msururu ukikatika, hadithi hudhoofika. Mwambie mradi wa shule una isnadi yake. Na mshairi wa pwani tangu kale ameweka jina lake katika beti za mwisho, watu wajue ni kazi ya nani. Ukiliondoa jina lile ukaweka lako, darasa zima litaguna bila kufundishwa. Anzia kwenye mguno huo.

Walimu nasi tuandike chanzo ubaoni tunapotoa maelezo: kitabu gani, ukurasa gani. Mtihani uliochukuliwa kutoka shule nyingine na kubadilishwa jina juu, watoto huujua, nao hujifunza kutoka hapo.

Rekodi iwe ya ukurasa mmoja: jina, tarehe, sehemu iliyonakiliwa, maelezo ya mwanafunzi kwa mwandiko wake, uamuzi, siku za kurudia kazi, sahihi za mwalimu na mwanafunzi. Ikae kwenye kabati la naibu wa mwalimu mkuu lenye kufuli, mbali na picha za simu, na zile picha zifutwe kazi mpya ikishasahihishwa. Mwaka ukiisha bila kosa jingine, mwite mtoto, mpe ile karatasi mkononi, aichane mwenyewe.